Barua pepe za kazi: kuulizwa neno la siri kila saa ni hatari

Wengi wetu tunaofanya kazi ya habari tukiwa mbali na nyumbani hatuna ofisi. Ofisi yetu ni sanduku la barua pepe. Humo ndimo zinamofikia habari za wenzetu waliobaki nyumbani, na majina ya watu waliotuamini kwa siri zao.

Asubuhi moja mwenzetu, akifungua barua za kazi kwa kompyuta yake ya nyumbani, aliulizwa neno la siri mara sita. Mara ya saba swali lilitokea baada ya kubonyeza kiungo kilichokuja ndani ya barua. Ukurasa ulifanana na wetu kwa rangi na maandishi, ila anuani yake ilikuwa na herufi moja zaidi. Alipoiona herufi hiyo, neno la siri lilikuwa limeshakwenda. Mkono uliozoea kuandika haulingojei jicho lisome.

Wakubwa nao wamenaswa. Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, alitumiwa barua iliyojifanya inatoka Google, ikimtaka abadilishe neno la siri. Oktoba mwaka huo barua zake kwa maelfu zikaanikwa na WikiLeaks. Septemba 2022 mdukuzi aliingia Uber baada ya kumsumbua mfanyakazi wa mkataba kwa maombi ya kuthibitisha, moja baada ya jingine, hadi akakubali.

Kwa nini basi tunaulizwa mara kwa mara? Seva ikishakutambua, hukiachia kivinjari chako taarifa ndogo iitwayo kuki, mfano wa tikiti ya kuonyesha mlangoni. Kivinjari kikiwekwa kifute kuki kila kinapofungwa, au ukitumia dirisha la faragha, tikiti inachanwa na unaanza upya. Ruhusu kuki za anuani ya barua zako zibaki, nyingine zifutwe.

Sisi tunaojificha nyuma ya VPN tuna tatizo letu. Dakika hii seva inatuona Uholanzi, dakika inayofuata Canada, nayo kwa haki yake inashuku mwizi. Chagua nchi moja ubaki nayo.

Kuna pia programu kuukuu. Tangu Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuizima katika barua zake za Exchange Online njia ya zamani ya kupeleka jina na neno la siri kila mara. Outlook ya 2010 haiijui njia mpya, hivyo itakuuliza hadi uchoke hata kama unaandika sawasawa. Dawa ni programu mpya. Na ukibadilisha neno la siri, usiisahau simu, maana inaweza kuendelea kubisha hodi kwa lile la zamani mpaka akaunti ifungwe.

Kinga tunayoipenda zaidi ni programu ya kutunza maneno ya siri. Hiyo haidanganywi na rangi: anuani ikiwa si ile iliyoihifadhi, haijazi kitu, na kimya chake ndicho onyo. Mwenye uwezo anunue ufunguo wa usalama, kidude kinachochomekwa kwenye tundu la USB, ambacho nacho hakijibu anuani ya bandia.

Haya yote ni kwa kompyuta yako mwenyewe, yenye kufuli. Kwenye kompyuta ya mgahawa au ya jamaa uliyemtembelea, usikubali kamwe ikukumbuke. Hapo acha ikuulize, na ukimaliza utoke.

Mwenzetu alibadilisha neno la siri dakika ile ile akitumia simu, akavitoa vifaa vyote vilivyokuwa ndani ya akaunti. Kisha akaanza kuwapigia watu wa nyumbani, mmoja mmoja, kuwauliza kama wamepata barua yoyote yenye jina lake. Hakuna aliyepata. Ilimchukua hadi usiku kuwamaliza.