Jakuzi: Starehe Yenye Mipaka

Joto la mwili wa binadamu hukaribia nyuzijoto 37 za Selsiasi. Maji ya jakuzi, lile bwawa dogo la maji moto lipatikanalo hotelini, huweza kufikia 40. Hewani jasho hukauka na kuupoza mwili. Aliyezama hadi mabegani hukosa kinga hiyo, naye hupokea joto badala ya kulitoa.

Mishipa ya damu hutanuka na shinikizo la damu hushuka. Anayesimama ghafla huweza kuzimia, na kuzimia majini ni kuzama. Hatari huzidi kwa aliyekunywa pombe, mgonjwa wa moyo, mzee na anayetumia dawa za presha. Mjamzito ajiepushe, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa joto kali la mwili wa mama limehusishwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo wa mtoto.

Kwa mtu mzima mwenye afya, maji yasizidi nyuzijoto 40, na dakika 10 hadi 15 zatosha. Asiingie peke yake, na atoke polepole.

Kizunguzungu, kichefuchefu au moyo kwenda mbio ni ishara ya kutoka mara moja, kulala mahali penye ubaridi na kuinua miguu. Aliyechanganyikiwa au kupoteza fahamu apozwe kwa maji huku akiwahishwa hospitali, wala asinyweshwe kitu.

Mhudumu anayeandika dawa za presha, au anayempokea mjamzito kliniki, na aulize kuhusu maji ya moto. Wengi hawatayataja wenyewe.