Stima Ikipotea, Laptopu Ilale Vipi?

Mvua zinapoanza, wakazi wengi wa Meru huwa tayari wanajua litakalofuata. Mti unaangukia nyaya, transfoma inalipuka, na mtaa mzima unabaki gizani hadi mafundi wafike. Wakati mwingine tatizo huwa kubwa kuliko mti: usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa pamoja, na maeneo kadhaa yaliamkia Jumamosi bila stima.

Mwenye laptopu ana nafuu kwa kuwa ana betri. Lakini wengi hupoteza kazi baada ya stima kupotea, si wakati inapopotea. Mtu hufunga kifuniko akingoja umeme urudi, akalala. Asubuhi anapoifungua, mashine imezimika na kazi ya jioni nzima haipo. Kwa mwenye duka kule Maua anayejaza fomu ya Excel ya KRA mkesha wa 30 Juni, hasara hiyo ina bei. Mtu binafsi anayechelewa kuwasilisha ripoti ya kodi ya mapato hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa.

Chanzo ni jinsi laptopu inavyolala. Ukifunga kifuniko, mashine nyingi za Windows huingia katika hali inayoitwa "Sleep". Skrini inazima, lakini kazi yote iliyo wazi inabaki katika kumbukumbu ya muda, ambayo haiwezi kushika chochote bila umeme. Ni kama mtu anayesinzia akiwa ameshika karatasi zake mkononi. Betri inaendelea kuliwa kidogo kidogo, na ikiisha, karatasi zinaanguka.

Hali ya pili, "Hibernate", ni kulala fofofo. Kabla ya kuzima, laptopu hunakili kila kilicho wazi na kukihifadhi kwenye diski, kisha inazima kabisa. Haitumii betri kushikilia kazi hiyo, hata ikikaa siku tatu. Ukiiwasha, inachukua muda zaidi kuamka, lakini fomu na barua zinarudi pale zilipoachwa. Gharama yake ni nafasi kwenye diski, jambo la kuangaliwa na wenye diski ndogo.

Kwa nini basi haitumiwi na wengi? Kwa sababu katika laptopu nyingi haionekani kwenye menyu ya kuzima. Ili kuitoa mafichoni, fungua "Control Panel", ingia "Hardware and Sound", kisha "Power Options", na ubonyeze "Choose what closing the lid does". Juu ya ukurasa kuna maandishi madogo, "Change settings that are currently unavailable". Yabonyeze, weka alama kwenye "Hibernate" na uhifadhi. Ikiwa neno hilo halipo kabisa, fungua "Command Prompt" kama msimamizi wa mashine, andika powercfg /hibernate on, kisha bonyeza Enter. Kwa mashine nyingi hilo linatosha.

Ukiwa kwenye ukurasa huohuo utaona safu mbili: "On battery" na "Plugged in". Hapa ndipo penye faida kubwa. Laptopu ikiwa kwenye chaja, kufunga kifuniko kunaweza kubaki "Sleep", maana hakuna haraka. Safu ya betri iwekwe "Hibernate". Vilevile, kupitia "Change advanced power settings", unaweza kuamua baada ya dakika ngapi mashine iliyoachwa wazi kwenye betri ilale fofofo yenyewe. Dakika 30 ni kipimo kizuri kwa mtu anayeitwa jikoni au dukani kila mara.

Mpangilio huo huwafaa pia wasafiri. Baadhi ya laptopu mpya, zikiwa katika "Sleep", huendelea kuangalia barua pepe na kupakua masasisho. Ukiitia kwenye mkoba Maua, unaweza kufika Meru mjini ukaikuta ina joto na chaji imeshuka.

Tahadhari ya pekee ni kwa wanaonunua laptopu zilizotumika ng'ambo, ambazo ni nyingi madukani. Betri iliyochoka hudanganya. Inaonyesha asilimia 15, kisha ghafla inazima kabla mashine haijapata nafasi ya kuhifadhi chochote. Katika mipangilio hiyo ya "advanced", fungua "Battery", hakikisha "Critical battery action" imewekwa "Hibernate", kisha pandisha "Critical battery level" hadi asilimia 15 au hata 20. Utapoteza dakika chache za matumizi, lakini kazi itabaki. Kujua hali ya betri, andika powercfg /batteryreport katika "Command Prompt". Ripoti inayotoka inaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa wa sasa haufiki nusu, anza kuweka akiba ya betri nyingine. Ni busara pia kuiomba ripoti hiyo dukani kabla ya kulipa.

Hata hivyo, kulala fofofo hakulindi kilicho mtandaoni. Ukiwa katikati ya ombi kwenye eCitizen au iTax na laptopu ikalala, tovuti haikungoji. Baada ya muda inakutoa, na utalazimika kuingia upya. Maelezo marefu yaandikwe kwanza kwenye faili la kawaida, yahifadhiwe kwa Ctrl na S, kisha yanakiliwe kwenye fomu stima na intaneti zikiwa zimetulia.