Ukiongeza nguvu ya injini, nani atalipa ikinoki?

Gari jipya likiingia uani, familia nzima hutoka kulitazama. Watoto hugombania kiti cha mbele, majirani huuliza bei, na kwenye droo ya dashibodi hubaki kijitabu ambacho hakuna anayekisoma. Humo ndimo ilimo dhamana ya kiwanda, ambayo wengi huiita waranti. Ni ahadi ya mtengenezaji kwamba ndani ya miaka au kilomita kadhaa, kitakachoharibika kwa kosa la kiwandani atakitengeneza kwa gharama zake.

Miezi michache baadaye mwenye gari, mara nyingi kijana au baba ambaye bado anajihesabu kijana, husikia kuna fundi anayeweza kuliongezea nguvu kwa saa moja, bila kufungua hata nati. Fundi huchomeka waya chini ya usukani, hubonyeza kompyuta yake, na gari hutoka gereji likiwa jepesi, linapaa. Mama watoto akiuliza kilichofanyika huambiwa, "Fundi amelisafisha kidogo tu."

Hapo ndipo maswali ya pesa ya familia, na ya afya yake pia, huanza.

Akiba iliyofichwa na kiwanda

Injini ya kisasa huendeshwa na kompyuta ndogo, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi. Ndiyo huamua mafuta yaingie kiasi gani, cheche ya plagi iruke wakati gani, na kama gari lina turbo, hewa isukumwe kwa presha gani. Wahandisi wa kiwanda hawaipi injini ruhusa ya kutoa nguvu zake zote. Huacha akiba, kwa sababu gari lile lile litauzwa kwenye joto kali na kwenye baridi, litapanda milima, litawekewa mafuta yasiyo bora, na dereva atachelewa kubadilisha oili.

Anayeongeza nguvu kwa kubadili programu hiyo anaila ile akiba. Kwenye injini ya turbo ongezeko linaweza kufika robo ya nguvu za awali au zaidi, na ndiyo maana watu huvutiwa. Lakini presha ikipanda, joto hupanda nalo. Mzigo huangukia pistoni, gasketi ya silinda hedi, turbo yenyewe, klachi na gia boksi. Mafuta yakiwa hafifu, huwaka ndani ya silinda kabla ya wakati wake na kuigonga pistoni kama nyundo. Injini inaweza kuvumilia mwaka mzima, kisha ikanoki siku ya safari ya kwenda kijijini.

Je, dhamana yote hufa?

Kuna imani mbili mitaani na zote zina walakini. Fundi husema, "Hawawezi kujua." Muuzaji naye husema, "Ukigusa chochote, waranti imekufa."

Marekani, ambako ugomvi huu umekuwapo kwa miongo mingi, kuna sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss. Inamkataza mtengenezaji kuifunga dhamana na masharti ya kununua spea au huduma zenye nembo yake tu, isipokuwa anazitoa bure au amepewa kibali maalumu. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya nchi hiyo (FTC) ilizionya kwa barua kampuni sita kubwa, zikiwamo za magari, simu na michezo ya kompyuta, kwa kuwatisha wateja kwa masharti ya aina hiyo.

Kwa hiyo mwenye gari akibadilisha rimu au redio, kisha kitasa cha mlango kikaharibika, mtengenezaji hana haki ya kumfukuza. Dhamana haifi kwa jumla. Inayokataliwa ni sehemu iliyoharibika kwa sababu ya mabadiliko. Tatizo ni kwamba kuongeza nguvu hugusa sehemu zile zile zenye gharama kubwa: injini, turbo na gia boksi. Turbo iliyolazimishwa kusukuma hewa kuliko ilivyopangwa ikifa, mtengenezaji hahitaji maneno mengi.

Na hata pale mteja anapokuwa na haki, haki hiyo ipo kwenye karatasi. Gari limekufa uani, marejesho ya mkopo yanaendelea kukatwa, na anayetaka kubishana na kampuni itabidi aende mahakamani. Familia nyingi huishia kulipa.

Kompyuta haisahau

Suala la "hawawezi kujua" ndilo linalowaponza wengi. Kwa magari ya Audi na Volkswagen, wamiliki Marekani wanaifahamu vizuri alama inayoitwa TD1. Gari likipelekwa kwa wakala na kuunganishwa na mfumo wa kampuni, programu iliyomo hulinganishwa na ile halali. Zisipofanana, gari huwekwa alama hiyo kwenye kumbukumbu za kampuni, na madai ya injini au gia boksi hupata kizuizi. General Motors nayo iliwaelekeza mawakala wake kwamba kabla ya kubadilisha injini au gia boksi inayotiliwa shaka, wapige picha ya namba za uhakiki wa programu zilizomo kwenye kompyuta ya gari na kuzituma zikaguliwe.

Wapo wanaorudisha programu ya zamani kabla ya kwenda kwa wakala. Lakini baadhi ya kompyuta huhesabu mara ngapi zimeandikwa upya. Wengine hutumia kisanduku kinachochomekwa kwenye vihisishi na kuidanganya injini kuhusu presha ya hewa, kisha hukichomoa. Hicho nacho kinaweza kuacha nyayo, na pistoni iliyoyeyuka kwa joto haihitaji kompyuta kuisemea.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi wa mtaani huisema mara chache, nayo ni kununua nguvu kwa mtengenezaji mwenyewe. Toyota Marekani imewahi kuuza vifaa vya TRD vya kusukuma hewa kwenye injini, ambavyo vikifungwa na wakala wake dhamana hubaki. Ford Uingereza ilifanya hivyo kupitia vifaa vya Mountune. Bei huwa juu kuliko ya fundi, na nguvu inayoongezeka mara nyingi ni ndogo kidogo. Tofauti hiyo ya bei ndiyo dhamana yenyewe.

Moshi unaingia kifuani kwa nani?

Kazi hii mara nyingi haiishii kwenye programu. Ili injini ipumue vizuri, mafundi wengine hutoa masega yaliyomo kwenye bomba la moshi, na kwenye magari ya dizeli hutoa kichujio cha masizi. Vifaa hivyo havikuwekwa kwa urembo. Masega hupunguza sumu kwenye moshi. Kichujio hukamata chembe nyeusi zisitoke nje.

Mamlaka ya Ulinzi wa Mazingira ya Marekani (EPA) ilikadiria mwaka 2020 kwamba katika takriban miaka kumi, pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 nchini humo zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kudhibiti moshi. Hewa chafu ya oksidi za naitrojeni itakayoongezeka kwa sababu hiyo katika maisha ya magari hayo ilikadiriwa kuzidi tani 570,000. Huko kuviondoa ni kosa kisheria. Jambo la kushangaza ni kwamba masega na kompyuta ya injini ndivyo vyenye dhamana ndefu inayolazimishwa na serikali ya Marekani: miaka 8 au maili 80,000, karibu kilomita 129,000. Mwenye gari hulipa pesa kutupa kifaa chenye dhamana ndefu kuliko vyote.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Chembe zake ndogo hupita puani na kwenda ndani kabisa ya mapafu. Oksidi za naitrojeni huchokoza njia ya hewa, na mwenye pumu huzihisi haraka. Watoto huathirika zaidi kwa sababu mapafu yao bado yanakua, huvuta hewa nyingi zaidi kulingana na uzito wao, na kimo chao huwaweka karibu na bomba la moshi. Gari likiachwa linanguruma kwenye geti la shule, wao ndio wa kwanza kulivuta.

Hatari nyingine iko ndani ya gari lenyewe. Bomba likikatwa na kuchomelewa vibaya, moshi huvuja na kupenya chini ya sakafu. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Abiria wakipata maumivu ya kichwa, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida kila wanaposafiri na gari hilo, wafungue madirisha, washuke, na bomba likaguliwe kabla ya safari nyingine.

Huku kwetu, waranti ya nani?

Magari mengi ya Afrika Mashariki huja yakiwa yametumika Japani. Huko dhamana ya kawaida ya Toyota ni miaka 3 au kilomita 60,000, na kwa sehemu muhimu kama injini ni miaka 5 au kilomita 100,000. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na mengi hufika likibaki kama mwaka mmoja tu kufikia kikomo. Dhamana imekwisha kabla meli haijang'oa nanga.

Mafundi hulitumia hilo kama kishawishi: huna cha kupoteza. Kwa upande wa kiwanda ni kweli. Ila maana yake nyingine ni kwamba hakuna wa kukusaidia injini ikifa. Na ipo bima. Mwenye bima kubwa anayeficha mabadiliko makubwa ya gari huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa dai lake siku ya ajali.

Anayeshikilia kuongeza nguvu amwombe fundi maandishi: programu ya awali imehifadhiwa wapi, nguvu imeongezwa kiasi gani, na injini ikiharibika ndani ya miezi sita nani anagharamia. Anayenunua gari mkononi mwa mtu naye alipeleke kwanza kwa fundi asiyemjua muuzaji, lisomwe kwa kompyuta, kisha linyanyuliwe na kutazamwa chini. Pale masega yanapotakiwa kuwapo pakiwa na kipande cha bomba tupu chenye alama mpya za kuchomelea, bei ijadiliwe upya, au funguo zirudishwe.