Miguu Imelegea, Mikono Inaweza Kuongoza Motokari



Siku ya kupima watoto, mama mwenye mtoto aliyelegea miguu anauliza karibu kila mara ulizo moja: «Munganga, mutoto wangu atatembea?» Ni ulizo zuri. Lakini iko lingine ambalo wachache wanauliza: «Mtoto huyu atafika namna gani kwenye masomo, kwenye soko, kwenye kazi?» Kufika si kutembea tu. Wengine wanafika kwa magongo, wengine kwa kinga ya magurudumu matatu inayozungushwa na mikono, na wengine kwa motokari wanayoendesha wao wenyewe. Tusome pamoja namna inavyowezekana, na kazi ya mama tangu leo, wakati mtoto angali mdogo.

JUU YA NINI MIGUU INALEGEA?

Sababu moja kubwa ni polio. Kijidudu chake kinatoka katika mavi ya mtu, kinaingia kwa kinywa pamoja na maji au chakula kichafu. Mtoto anapata homa, kisha kwa siku chache mguu au mkono unakosa nguvu. Kati ya watu 200 walioingiwa na kijidudu hiki, karibu mmoja anabaki na viungo vilivyolegea. Polio inaharibu mishipa inayotuma nguvu kwa nyama za mwili, lakini haiharibu akili, wala macho, wala masikio. Mtoto anasikia bado ukimgusa mguu.

Sababu nyingine ni shindano iliyochomwa vibaya kwenye tako, ikagusa mshipa mkubwa wa mguu. Tena, kama mtoto ana homa ya polio, shindano isiyo ya lazima inaweza kuongeza ulegevu. Basi usimpeleke mtoto mwenye homa kwa mtu wa kuchoma shindano mtaani.

MTU ANAENDESHA NAMNA GANI BILA MIGUU?

Katika motokari ya kawaida, mikono inashika volani, na miguu inakanyaga pedali tatu: ya kuongeza mwendo, ya freni, na ya ambreyaji, ile ya kubadilisha vitesi. Kwa mtu mwenye miguu dhaifu, kazi ya miguu inahamishwa.

Kwanza wanachagua motokari inayobadilisha vitesi yenyewe. Hiyo haina pedali ya ambreyaji. Kama mguu wa kushoto tu ndio umelegea, mara nyingi inatosha hivyo, sababu mguu wa kuume unafanya kazi yote. Kama ni mguu wa kuume uliolegea, fundi anaweza kuweka pedali ya mwendo upande wa kushoto.

Kama ni miguu yote miwili, fundi anafunga chuma kirefu karibu na volani, na vyuma vingine vinakiunganisha na pedali. Mtu akisukuma chuma kile mbele, freni inashika. Akikivuta au kukishusha, motokari inaongeza mwendo. Mkono mmoja unakaa kwenye chuma, na mwingine unazungusha volani kwa kushika kifundo kilichofungwa juu yake.

Jambo hili si jipya. Franklin D. Roosevelt wa Marekani alilegea miguu mwaka 1921, akiwa na miaka 39. Waganga walisema ni polio. Aliendesha motokari ya Ford iliyotengenezwa ili aiongoze kwa mikono tu. Alikuwa prezidenti wa inchi yake toka 1933 mpaka alipokufa mwaka 1945. Na hapa kwetu, Kinshasa, wanaume na wanawake wenye miguu dhaifu wamejulikana miaka mingi kwa biashara yao ya kuvuka mto mpaka Brazzaville, na kinga zao za magurudumu matatu zimejaa mizigo.

ANAJIFUNZA NAMNA GANI?

1. Munganga anapima nguvu za mikono, mabega na macho. Anaangalia kama mtu anaweza kusukuma freni kwa nguvu na kwa haraka.

2. Anajifunza kukaa. Mtu asiye na nguvu miguuni hawezi kujishikiza kwa miguu motokari ikikata kona. Kiti kimshike vizuri, na mkanda ufungwe. Miguu ikae mahali ambapo haiwezi kuteleza chini ya pedali.

3. Motokari ikiwa imezimwa, anasukuma na kuvuta chuma mara nyingi, mpaka mkono ujue kazi yake bila kufikiri.

4. Anaendesha polepole kwenye uwanja mtupu. Kusimamisha ndiko kunakuja kwanza, mwendo utafuata.

5. Ndipo anaingia barabarani pamoja na mwalimu anayeweza kufikia freni. Pedali za kawaida zisiondolewe.

Mtu asijaribu hata siku moja kusukuma pedali kwa fimbo. Fimbo inateleza, na freni isiposhika, yeye na watu wa barabarani watakufa. Kazi ya kufunga vyuma ni ya fundi anayeijua.

Kwa mtu ambaye miguu yake haisikii tena, kwa mfano aliyevunjika mgongo, iko hatari nyingine. Joto la motokari linaweza kumchoma bila yeye kujua, na kukaa sana kunaleta vidonda vya matako. Huyo atumie mto laini, ajiinue kwa mikono mara kwa mara, na aangalie ngozi yake kila jioni.

KAZI YA MAMA INAANZA LINI?

Inaanza leo. Kijana akifika miaka 18 na kutaka permi, haitoshi kuwa na hamu. Magoti yaliyokunjamana na kukauka hayaingii vizuri mbele ya kiti. Mgongo uliopinda hausimami sawa. Na asiyejua kusoma atahangaika na alama za barabara na mtihani. Mambo haya matatu yanaharibika polepole nyumbani, wakati tunasema: «Bado ni mutoto.»

Siku za kwanza za ugonjwa, wakati mguu unauma, usikande wala kuvuta. Weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu, na mlaze mtoto miguu ikiwa imenyooka. Maumivu yakiisha, fanya hivi:

– Asubuhi na jioni, nyoosha goti, kiuno na kifundo cha mguu, polepole, bila kumuumiza. Shika ukihesabu mpaka 25, achilia, rudia mara 10.

– Mlaze kifudifudi kila siku kwa muda, ili viuno vinyooke. Asikae mchana kutwa amekunja magoti.

– Mpe kazi za mikono: kuchota maji kwa kikombe, kutwanga, kujiinua kwa mikono miwili akiwa amekaa. Mikono hiyo ndiyo itakuwa miguu yake.

– Mlete kwetu mapema. Nguvu nyingi zinazoweza kurudi zinarudi katika miezi 6 ya kwanza. Tutaangalia kama anahitaji vyuma vya mguu au magongo.

– Akikua, kinga ya magurudumu matatu ni masomo ya kwanza ya barabara. Hapo anajifunza kuongoza, kufunga freni kwenye mtelemko, na kupima kama lori iko mbali au karibu.

– Mwandikishe masomoni kwa mwaka ule ule kama watoto wengine. Mama mmoja atasema: «Nani atamubeba?» Ulizo hilo ni la kweli, na ni zito. Zungumzeni na jirani, na wakubwa wake, na mwalimu, mgawanye siku. Kumbeba miaka michache ni kuzito, lakini kumlisha miaka yote sababu hakusoma ni kuzito zaidi.

Hatutakudanganya, mama. Motokari ni bei kali, na kuitengeneza kwa mikono kunaongeza bei. Si kila mtoto ataipata. Lakini angalia: magoti yaliyonyooka, mikono yenye nguvu na kichwa kinachojua kusoma, vinamfaa pia fundi wa kushona, mwandishi wa ofisi, mwalimu na mchuuzi. Hakuna kilichopotea. Na sheria ya inchi yetu ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Mtoto wako si wa kufichwa nyuma ya nyumba.

NA WADOGO WAKE?

Polio haina dawa ya kuiponya, lakini iko chanjo. Mtoto apate matone akizaliwa, kisha kwa juma la 6, la 10 na la 14, pamoja na shindano za polio kwa siku tunazoandika kwenye karte yake. Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ile ya asili. Lakini katika Kongo watoto wamelegea bado na polio ya namna nyingine: pale watoto wengi wanapokosa chanjo, kijidudu dhaifu cha matone kinapita toka mtoto huyu mpaka yule, kinageuka na kupata nguvu tena. Dawa yake ni ile ile: watoto wote wapate chanjo yote.

KUMBUKA:

Mguu ukilegea ghafula, njoo siku ile ile, hata kama mtoto hana homa tena.

Nyoosha viungo kila siku.

Mikono ifanye kazi, kichwa kisome.

Usiulize tu, «Atatembea?» Uliza pia, «Atafika namna gani?» Na siku ya kupima, ukija na mtoto huyo, usimwache nyumbani kwa haya. Kiti chake kiko hapa pamoja na wengine.