Kunga si Siri Tu

Ndugu msomaji, nenda pwani ya Kilwa Kivinje umkute fundi anakalafati chombo. Utamwona anapachika pamba iliyolowa mafuta kati ya ubao na ubao. Kwa macho ni kazi rahisi. Hebu chukua patasi ujaribu! Atakutazama kidogo, atacheka, kisha atasema: "Mwenzangu, kazi hii ina kunga zake."

Wengi wetu tukisikia neno kunga tunafikiri mambo ya unyago tu. Ni kweli, huko neno hili lina makao yake. Anayemfunza mwari huitwa kungwi, na wengine humwita somo. Yanayosemwa ndani hayatoki nje. Gazeti nalo halitayatoa, na isitoshe mwandishi ni mwanamume, hakuingia. Lakini fundi wa chombo hasemi habari za unyago. Anasema kuwa kazi yake ina maarifa ya ndani, ambayo mtu akitazama tu hayapati.

Basi tulipime neno hili na jamaa zake.

Siri ni jambo linalofichwa. Siri hutoka kwa neno moja, na ikishatoka imekwisha. Mwaka 1905, kabla ya Vita vya Maji Maji kuanza katika milima ya Umatumbi, habari za dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilipita kwa mnong'ono, mtu kwa mtu. Wazee waliokuja kusimulia waliuita mnong'ono huo jujila, yaani maneno ya faragha. Hiyo ilikuwa siri hasa, maana Wajerumani wakiisikia watu watanyongwa. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita haijatimiza hata mwezi.

Kunga ni kitu kingine. Ukimfundisha mwenzio, yako haipungui. Ila haifundishwi kwa mdomo peke yake, lazima mkono uzoee. Akina mama wanaotafuta pweza miambani watakwambia waziwazi: ngoja bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji yanapotoka mbali, siku za maji mafu utarudi na kikapu kitupu. Haya, umeambiwa. Sasa nenda ukalitambue tundu la pweza! Utapita juu yake mara kumi.

Fumbo ni maneno yaliyofungwa ili mwenye akili ayafungue. Ghaibu ni yale yasiyoonekana kwa macho ya binadamu. Hayo mawili hayatusumbui sana. Neno linalotusumbua ni mwiko. Mwiko ni katazo: unaambiwa usifanye, basi, na mara nyingi sababu huelezwi. Watu huchanganya kunga na mwiko, na kuchanganya huko kunaweza kuua.

Tuchukue muhogo mchungu, unaolimwa sana kwetu kusini. Bibi anasema, "Huu hauliwi leo." Kijana mwenye njaa anaona ni mwiko wa kizee tu. Siyo! Muhogo mchungu hutoa sumu iitwayo sianidi, na kuuchemsha peke yake hakutoshi kuiondoa. Ndiyo maana bibi anaumenya, anauloweka siku kadhaa mpaka ulainike, kisha anauanika mpaka ukauke kabisa, ndipo utwangwe unga. Siku zile za kungoja ndizo zinazotoa sumu. Ukizipunguza, umeibakiza chakulani.

Mwaka 1988 jambo hili liliwafika jirani zetu wa Masasi, mkoani Mtwara. Ukame ulileta njaa, na njaa haina subira. Muhogo mchungu ukatengenezwa harakaharaka, watu wakala, wakaugua kwa sumu. Si kwamba walikuwa wajinga. Tumbo ndilo lililowaharakisha. Tena sumu hiyo ikiliwa kwa wiki nyingi, na mtu hapati samaki, maharage wala nyama, yaweza kuleta ugonjwa wa konzo. Miguu hukakamaa na kupooza ghafla, na hairudi kama zamani. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama.

Kwa hiyo hiyo ya bibi ni kunga, wala si mwiko, na sababu yake inasemeka mchana kweupe. Bibi asiulizwe kwa dharau, lakini aulizwe. Naye akiulizwa aeleze, asiseme tu "ndivyo tulivyokuta".

Katika mazungumzo ya kila siku neno hili lina kazi nyingine pia. Ukiambiwa "mweleze kwa kunga", maana yake mweleze kwa busara, usimwaibishe mbele ya watu. "Yule hana kunga" ni mtu asiyejua lipi la kusema wapi.

Na kwa wanaoandika: kunga hii, kunga hizi. Neno halibadiliki kwa wingi, usiandike "makunga". Makungwi wapo, lakini hao ni watu.