Dini ya Siku za Kazi Kiandutu

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya wapatao milioni 47.6 na kuwauliza dini zao. Majibu yakagawanywa kwa mafungu: Wakatoliki, Waprotestanti, makanisa ya kiinjili, makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika, Waislamu, Wahindu, wafuasi wa dini za jadi na wengineo. Wakristo wote pamoja walikaribia asilimia 86, Waislamu asilimia 11. Nazithamini takwimu hizi, lakini ukiingia nazo Kiandutu, mtaa wa mabanda ulioko Thika, Kaunti ya Kiambu, zitakufikisha mlangoni tu.

Tuchukue mfano wa mama muuza mboga, mtu wa kubuni, ila mambo yake ni ya kawaida katika mitaa kama hiyo. Sensa inamtambua kuwa Mkatoliki. Jumatano jioni yuko kwenye jumuiya ndogo ya Kikatoliki nyumbani kwa jirani. Mtoto akiugua, Ijumaa atakesha katika kanisa la mabati ambalo hajawahi kuandikishwa kuwa muumini wake. Jirani Mwislamu akifiwa, yeye ni miongoni mwa wanaopika. Na katika chama chao cha akiba, kabla pesa hazijahesabiwa, anayefungua kwa sala ni mwanamke wa kanisa la Waakurinu aliyejifunga kilemba cheupe. Huyu mama ni wa dini gani? Ukimlazimisha achague jibu moja, utapata jibu, na utakuwa umeikosa dini yake.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 watafiti wengi wamehama kutoka mafundisho rasmi na hesabu za waumini, wakageukia dini jinsi watu wanavyoiishi jikoni, kazini, hospitalini na mazishini. Robert Orsi, Mmarekani, alitoa mwaka 1985 kitabu kuhusu Waitalia wahamiaji wa Harlem, New York, na sikukuu yao ya Bikira Maria. Aliifuata dini yao barabarani na majumbani mwao, na humo akaona Ukatoliki ambao mahubiri ya padri peke yake yasingemwonyesha.

Lakini si lazima twende New York. Jomo Kenyatta, mwenyeji wa Gatundu, papa hapa Kiambu, alisomea anthropolojia London chini ya Bronisław Malinowski, mwalimu aliyesisitiza kwamba mtafiti akae na watu badala ya kuwasikia kwa mbali. Katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, Kenyatta aliandika kuhusu Watu wa Mungu, ambao leo tunawaita Waakurinu, na akaeleza jinsi walivyosali wakiinua mikono kuelekea Mlima Kenya. Miaka minne kabla yake, Februari 1934, polisi wa kikoloni walikuwa wamewaua watatu kati yao katika msitu wa Ndarugu. Serikali iliona njama. Kenyatta alieleza sala. Anayeijua habari hiyo akikiona kilemba katika vichochoro vya Kiandutu, anaiona pia damu iliyomwagika kwa ajili ya imani hiyo karibu miaka mia moja iliyopita. Katika sensa, mwanamke yule ni alama moja tu kwenye fungu la makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika.

Je, mama akisema mtoto alipona usiku ule wa kesha, mtafiti aandike nini? Ninian Smart, msomi wa Uskoti, alishauri miaka ya 1970 kwamba mtafiti aliweke kando swali la kama Mungu yupo, kwa kuwa zana zake hazilijibu. Nakubaliana naye. Kazi yetu ni kuuliza nani alimwombea, nani alitoa nauli ya kwenda hospitali ya Thika Level 5, na nani alibaki na watoto wengine. Mara nyingi utakuta ni watu wale wale.

Ila kimya hicho kuhusu swali la Mungu kina mpaka wake. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Ni ya watu waliohusishwa na mahubiri ya kufunga hadi kufa. Mbele ya makaburi yale, mtafiti anayejificha nyuma ya kutopendelea upande ameacha wajibu wake. Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kuchunguza jinsi ya kusimamia mashirika ya dini. Hata kabla ya hapo, mwaka 2016, kanuni zilizopendekezwa na Mwanasheria Mkuu Githu Muigai, zikiwemo za kuwataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, zilipingwa vikali na makanisa.

Nawaelewa wanaotaka sheria kali. Uchungu wao ni wa haki. Lakini cheti hakisemi nani anaweza kumkatalia mchungaji akianza kuwazuia wagonjwa wasiende hospitalini. Katika kanisa la mabati lenye waumini 30, ambalo mchungaji wake hufanya kibarua siku za kazi, huenda wa kumkatalia ni akina mama wanaoweka daftari la michango. Pengine hakuna kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kulijua hilo kunahitaji mtafiti mwenye kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, aliyejitambulisha kwa chifu na kwa mzee wa mtaa, kisha akawa tayari kurudi Jumatatu, Jumanne na Jumatano, akae pale daftari linapofunguliwa.