Kasi ya Mdomoni Haimwangushi Kulungu

Wauza risasi za gobore nchini Marekani hupenda kutangaza kasi na nguvu ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu. Namba hizo huwa za kweli, ila zinahusu mahali ambapo hakuna kulungu. Mnyama yuko mita 40 mbele, au 70, au 100, na kinachomwangusha ni kasi iliyosalia risasi inapomfikia, pamoja na jinsi risasi hiyo inavyobadilika umbo kwa kasi hiyo.

Gobore halijafa huko kwa sababu majimbo mengi yamelitengea msimu wake. Pennsylvania ina msimu wa bunduki za gumegume, unaoangukia baada ya Krismasi, tangu 1974. Windo kubwa ni kulungu mwenye mkia mweupe, ambaye dume lake zima huweza kufika kilo 100.

Tuanze na gololi, risasi ya zamani kuliko zote. Huwa nyembamba kidogo kuliko mtutu, hivyo hufungwa kwa kitambaa kilichopakwa mafuta na kushindiliwa kwa mdeki. Kitambaa ndicho kinachoshika mifereji ya ndani na kuizungusha gololi hewani. Gololi ya mtutu wa milimita 12.7 ina uzito wa gramu 11.5 hivi. Kwa kipimo kizuri cha baruti huondoka kwa mita kama 580 kwa sekunde. Ikifika mita 90 imebakiwa na takriban 330, yaani theluthi tu ya nguvu iliyoanza nayo. Umbo la duara hupambana vibaya na hewa, na hakuna ufundi wa kuliponya. Njia pekee ya kuongeza uzito wa gololi ni kuongeza upana wake, na hapo hesabu humpendelea mwindaji: gololi ya milimita 13.6 imezidi ile ya 12.4, inayotumika kwenye mtutu wa 12.7, kwa chini ya asilimia 10 ya upana, lakini uzito unaongezeka kwa takriban asilimia 30.

Mbona basi gololi dhaifu hivyo iliwalisha watu wa mipakani mwa Marekani vizazi na vizazi? Kwa sababu ni pana tangu mwanzo, na madini ya risasi yasiyochanganywa ni laini. Ikipita mapafuni hubonyea, ikapanuka na kukata mishipa kwa upana zaidi. Haina ule mtikiso wa risasi za kasi za bunduki za kisasa unaopasua nyama mbali na njia yake. Inaua kwa tundu na damu. Hata kulungu aliyepigwa vizuri mapafuni anaweza kukimbia makumi ya mita kabla ya kuanguka. Ukichanganya risasi na bati au antimoni ili iwe ngumu, unaupoteza ulaini huo. Anayeshindilia vipande vya nondo kwenye gobore la kienyeji, kama inavyotokea Tanzania, hana kabisa faida hiyo: chuma hakipanuki, na kipande kisicho na umbo maalumu hakiendi kinakoelekezwa. Wanyama wengi wanaojeruhiwa hivyo hufia porini bila kuonekana.

Moshi nao una la kusema. Baruti nyeusi hutoa wingu jeupe linalomficha mnyama sekunde ileile unayotaka kumwona, kwa hiyo mwindaji hutegemea damu chini. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifu risasi inayobaki mwilini kwa kuwa eti "imeacha nguvu yote ndani". Tundu moja la juu ubavuni huvujia ndani. Tundu la kutokea, hasa likiwa chini, huacha alama za kufuata. Kwangu mimi tundu la pili lina thamani kuliko jouli mia kadhaa za kwenye tangazo.

Risasi ndefu yenye ncha, ya ukoo wa ile ya Mfaransa Claude-Étienne Minié ya miaka ya 1840, hutunza kasi vizuri kuliko gololi na hupenya zaidi. Lakini inataka mtutu wake. Mifereji ya mtutu wa gololi mara nyingi huzunguka mara moja katika sentimita 168. Risasi ndefu za leo hupenda sentimita 71 hivi. Ina hila nyingine pia: kwa kuwa haikazwi na kitambaa, ukitembea huku mdomo wa bunduki umeelekea chini inaweza kuteleza ikaachana na baruti, na pengo hilo laweza kuharibu mtutu na kumjeruhi mpigaji. Wenye busara huchora alama kwenye mdeki na kukagua.

Mwaka 1985 fundi Tony Knight alitoa gobore la MK-85, ambalo fataki yake inakaa moja kwa moja nyuma ya baruti. Magobore ya aina hiyo yakaeneza risasi za bastola zilizovishwa ganda la plastiki. Zinalenga vizuri, ila nyingi zilibuniwa kwa kasi ya bastola. Zikisukumwa kwa baruti nyingi na kumpata kulungu mita 30 mbele, huweza kupasuka mapema na kushindwa kufika mapafuni. Mita 120 mbele risasi hiyohiyo inafanya kazi safi. Colorado haijali ubishi huu: katika msimu wake wa magobore maganda hayo ni marufuku, na darubini pia.

California imekwenda mbali zaidi. Tangu Julai 2019 hairuhusu madini ya risasi katika uwindaji wowote, kwa ajili ya tai na wanyama wengine wanaokula mizoga yenye vipande vyake. Mwenye gobore mara nyingi hubaki na risasi za shaba. Hizo hazisambaratiki na hupenya sana, lakini shaba ni ngumu na inahitaji kasi ili ncha yake ifunguke. Ikifika imechoka hupita kama msumari, ikiacha tundu jembamba. Anayeitumia atapaswa kumsogelea kulungu zaidi.